Mashine ya Kufyonza Vumbi Husomwa Ikizunguka

Mashine ya kufyonza vumbi ya mwaka 1926 ikifika katika jumba la makumbusho hupanguswa, hupewa namba na kuwekwa nyuma ya kioo. Ikifika kwa mkarabati hufunguliwa mpaka skrubu ya mwisho. Beringi huoshwa grisi iliyoganda kwa miongo mingi, waya uliopasuka hubadilishwa, vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka hupimwa, kisha swichi huwashwa. Kazi ya kwanza huitwa uhifadhi. Ya pili huchukuliwa kuwa burudani ya watu wenye nafasi. Nadhani mpaka huo umewekwa pasipostahili. Chombo cha nyumbani kiliundwa kifanye kazi, na mengi tunayotaka kuyajua juu yake, yaani kilimfaa nini mtumiaji na kilimchosha kiasi gani, hayaonekani mpaka kiwashwe. Kukifufua ni namna ya kuitafiti historia, na ina haki ya kuulizwa maswali yaleyale yanayoulizwa utafiti wowote: imefichua nini ambacho maandishi hayakufichua, na imeharibu nini njiani.

Maandishi yenyewe hayakosekani. Tunajua kwamba Ives McGaffey wa Chicago alipata hataza mwaka 1869 kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Tunajua pia kwamba mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alitazama jijini London onyesho la mashine ya Kimarekani iliyopuliza hewa ili kutimua vumbi, akajiuliza kwa nini isivute badala ya kupuliza. Husimuliwa kwamba alijaribu wazo lake kwa kuweka leso juu ya kiti cha mkahawani na kufyonza kwa kinywa, akaona uchafu umenasa kwenye kitambaa. Mashine aliyoiunda ilikuwa pampu yenye injini ya petroli, ikikokotwa na farasi na kuegeshwa nje ya nyumba huku wafanyakazi wakipitisha mipira mirefu madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Kwa Booth, kufyonza vumbi kulikuwa huduma inayokuja mlangoni, ikamaliza kazi, ikaondoka. Jambo hili husahaulika kwa urahisi. Haikuandikwa popote kwamba kila nyumba iwe na mashine yake na mtu mmoja ndani yake awe ndiye wa kuisukuma. Huo ulikuwa uamuzi wa baadaye, na ulifanyika upande wa pili wa Atlantiki.

James Murray Spangler alikuwa mfagizi katika duka kubwa la mji wa Canton, jimbo la Ohio, na vumbi la ufagio lilimzidishia pumu. Akaunganisha mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya iliyotumika kama mfuko, na tarehe 2 Juni 1908 akapewa hataza. Hakuwa na mtaji. Haki zake zilinunuliwa na William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi ambaye biashara yake ya vifaa vya farasi ilikuwa ikitishiwa na magari. Mashine ya kwanza ya Hoover ilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi. Iliuzwa kwa tangazo la gazetini lililompa mteja siku kumi za kuijaribu nyumbani bila malipo, na mashine zilipelekwa kupitia maduka ambayo yaligeuka kuwa mawakala. Historia nyingi za chombo hiki huishia hapa, kwenye hataza na mauzo, kisha hurukia orodha ya modeli mpya. Mkarabati huanzia pale zinapoishia.

Chukua ncha ya waya. Katika mashine za Kiingereza za kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, ncha hiyo mara nyingi ina kichwa cha kuingizwa kwenye holda ya taa. Nyumba nyingi zilikuwa zimeunganishiwa umeme kwa ajili ya kuwasha taa tu, hazikuwa na soketi ukutani. Aliyetaka kusafisha zulia alipanda juu ya kiti, akatoa glopu, akachomeka mashine darini, na kama ni jioni akafanya kazi yake gizani au kwa mwanga wa chumba cha pili. Hakuna tangazo la wakati huo lililotaka kumwonyesha mama amesimama juu ya kiti. Kisha tazama kibati kilichopigiliwa kwenye mwili wa mashine, chenye volti zake. Mashine mbili za modeli moja, zilizotoka kiwanda kimoja, hukutwa na volti tofauti, kwa sababu Uingereza ilikuwa na mamia ya mashirika ya kuuza umeme na kila moja lilikuwa na kipimo chake. Mengine yaliuza umeme unaokwenda upande mmoja, mengine ule unaogeukageuka. Sheria ya kuunganisha gridi ya taifa ilipitishwa mwaka 1926, lakini utofauti huo uliendelea majumbani kwa miaka mingi. Mota ya mashine hizi ilichaguliwa kwa kuzingatia vurugu hiyo. Umeme unapita mfululizo katika nyaya za pembeni na za katikati. Ukigeuka mwelekeo, sumaku zote mbili hugeuka pamoja na mzunguko haubadiliki. Mota hiyo ilikubali umeme wa aina zote mbili. Gharama yake ni zile kaboni zinazolika kwa kusuguana, na mkarabati anayepima urefu uliobaki wa kaboni za asili hupata makadirio ya jinsi mashine ilivyotumika nyumbani humo. Kwangu mimi, kipande hicho cha kaboni ni ushahidi wa historia sawa na risiti ya dukani.

Yote hayo yanaweza kuonekana bila kuwasha chochote, na mtu anaweza kusema kwamba kufungua kunatosha. Hakutoshi. Mwaka 1926 Hoover ilileta modeli 700 yenye rola iliyofungwa vijiti vya chuma kando ya brashi. Hewa inanyanyua zulia kidogo kutoka sakafuni, vijiti vinalipiga likiwa limening'inia, mchanga uliozama kwenye nyuzi unatoka. Ukiiona imesimama, rola hiyo ni brashi yenye mapambo ya chuma. Ikizunguka, unaelewa kwa nini mashine yenye mota ya wati mia chache tu iliweza kusafisha zulia zito: kazi kubwa ilifanywa na mtikisiko, na hewa ilikuwa mchukuzi. Maarifa hayo yalikuja kufunikwa. Kufikia mwanzoni mwa karne hii wauzaji wa Ulaya walishindana kwa wati, na mashine za wati 2000 na zaidi zikajaa madukani. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha wati 1600 kuanzia Septemba 2014, Waingereza wengi walikimbilia madukani kununua zenye nguvu kabla hazijaondolewa, wakiamini kwamba mazulia yao hayatasafishika tena. Mwaka 2017 kikomo kilishuka hadi wati 900 na mazulia yakaendelea kusafishwa. Aliyewahi kuisukuma mashine iliyokarabatiwa ya miaka ya 1930 asingehitaji miaka mitatu kulijua hilo.

Kuna swali zito zaidi ambalo mashine inayozunguka husaidia kulijibu. Mwanahistoria wa Marekani Ruth Schwartz Cowan alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983 kwamba vyombo vya umeme havikumpunguzia mama wa nyumbani saa za kazi kama vilivyoahidi. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mume, watoto au mtumishi wa kulipwa, kama vile kubeba mazulia nje na kuyapiga kila majira ya kuchipua, ilimwangukia mtu mmoja na ikawa ya kila wiki, kwa kuwa kiwango cha usafi kilichotarajiwa kilipanda. Hoja hiyo imejengwa juu ya shajara, takwimu na majarida, na imesimama imara. Mashine iliyofufuliwa huiongezea mwili. Mfuko wa kitambaa uliojaa unapokung'utwa nje, sehemu ya vumbi humrudia anayeukung'uta usoni na nguoni. Mwili wa alumini unapopandishwa ngazi za nyumba ya Kiingereza, mkono unauhisi. Kelele zake huzuia mazungumzo chumbani. Ndani ya nyumba ya feni, ambamo katika mashine za kusimama uchafu wote hupita kabla ya kufika mfukoni, hukutwa majivu ya makaa ya mawe, nywele na pini za kushonea, na mapanga ya feni yamemeguka kwa kugongwa na vitu hivyo. Ndiyo maana mashine ya Electrolux ya mwaka 1921, yenye umbo la bomba na inayoburuzwa juu ya vyuma kama vya kigari cha kutelezea thelujini, ilikuwa mageuzi ya kweli: ilinasa vumbi mfukoni kabla hewa haijafika kwenye feni. Sababu za ubunifu huo zimechorwa kwenye feni iliyomeguka.

Wahifadhi wa makumbusho wana pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Kila kipande kinachobadilishwa, wanasema, ni ushahidi uliotupwa. Waya wa asili ukitolewa na mpya ukifungwa, kesho hatutajua wa asili ulikuwaje. Wako sahihi, na baadhi ya wakarabati wamewapa sababu ya kulalamika. Wapo wanaong'arisha alumini mpaka iwe kioo, wakati kiwanda hakikuitoa hivyo, na wapo wanaochukua vipuri vya mashine tatu kutengeneza moja inayopendeza. Huo ni urembo, na ninautenga na ninachokitetea. Lakini pingamizi hilo lina nguvu kamili kwa mashine adimu tu. Modeli nyingi zilitengenezwa kwa maelfu mengi, na nakala zake bado zinatoka kwenye vyumba vya juu vya nyumba za wazee. Kuiacha moja kama ilivyokutwa, na vumbi lake ndani, huku nyingine ikikarabatiwa, si hasara kwa yeyote. Mkarabati makini huweka kila kilichotolewa katika bahasha yenye tarehe, hupiga picha kabla ya kulegeza skrubu, na huandika kipimo cha mkanda wa mpira aliouweka. Akifanya hivyo amemwachia mtafiti wa kesho mengi kuliko kabati la kioo.

Pingamizi la usalama lina uzito pia, na hapa ningependa wakarabati wawe wakali kuliko walivyo. Mpira uliofunika nyaya za zamani hukauka na kudondoka, ukiacha shaba wazi ndani ya mpini wa chuma. Mashine nyingi hazina waya wa ardhi. Vyombo vya joto vya zamani, kama pasi, vibaniko vya mkate na vikausha nywele, vinaweza kuwa na asbesto ndani. Jokofu la General Electric la mwaka 1927, lile lenye mtambo wa duara juu yake, lilitumia dioksidi ya salfa, gesi inayochoma mapafu ikivuja. Kwa hiyo si kila kitu kiwashwe, na kinachowashwa kiwe kimepimwa na mtu anayejua umeme. Kuvaa barakoa na kubadilisha waya hakupunguzi uasilia wa historia. Mtumiaji wa mwaka 1935 hakununua mashine yenye waya uliooza.

Dai moja linalopendwa na wakusanyaji siliungi mkono: kwamba vitu vya zamani vilitengenezwa kwa nguvu na vya sasa ni takataka. Zilizobaki ndizo zinazoonekana, na zilizoharibika mapema hazipo ili zitoe ushahidi. Mashine ya Hoover ya miaka ya 1930 ilikuwa pia ghali mno, na bei hiyo ilibeba ndani yake mtu wa kuja kuihudumia. Kilichoifanya idumu ni skrubu zinazofunguka, vipuri vyenye namba, na biashara iliyopata faida kwa kutengeneza na siyo kwa kuuza tu. Fundi wa kusuka mota wa Dar es Salaam au Mombasa anaijua tofauti hiyo vizuri kuliko mkusanyaji wa London: akipewa mota iliyofungwa kwa skrubu huikubali, akipewa iliyogundishwa kwa gundi huirudisha. Kwake si suala la zamani wala la sasa. Inasikitisha kwamba maarifa yake hayaandikwi, wakati karakana yake inapokea vyombo vya Ulaya vya vizazi kadhaa na inaona wapi kila kizazi huvunjikia.

Ndiyo sababu ningetaka kazi ya wakarabati ichukuliwe kwa uzito leo, kabla ya zamu ya mashine za sasa kufika. Kanuni ya Ulaya iliyoanza kutumika Septemba 2017 inataka mota ya mashine ya kufyonza vumbi idumu angalau saa 500, na mpira wake uweze kukunjwa mara 40,000. Kwa nyumba inayosafishwa saa moja kila wiki, saa 500 ni miaka tisa na nusu. Kaboni ya mota ya zamani ikiisha hubadilishwa kwa dakika chache. Mashine isiyo na waya ya leo ina betri ya lithiamu inayochakaa hata isipotumika, na ubao wa kielektroniki wenye programu ambayo mtengenezaji pekee ndiye anayo. Plastiki yake hubadilika rangi na kuwa kavu, wala haing'arishwi kama alumini. Makumbusho yanayonunua mashine hizo sasa yanapaswa kuchukua mbili mbili, moja ya kutunzwa na moja ya kuendeshwa, na kumdai mtengenezaji michoro, vipuri na nakala ya programu siku ileile ya makabidhiano, wakati kampuni bado ipo na wahandisi walioibuni bado wanakumbuka kwa nini waliiunda hivyo.