Kikoa ni cha nani?

Karakana iko Boko Magengeni, hatua chache kutoka Barabara ya Bagamoyo, mahali ambapo malori ya saruji kutoka Wazo yanapita mchana kutwa. Mwenyewe ni mama wa makamo anayeuza milango ya mninga na mkongo. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akafungua kopo la misumari, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nisomee hii, mwanangu."

Ilikuwa risiti ya mkono: "Domeini, hostingi, dizaini. 650,000. Imelipwa." Tovuti yake ilikuwa imefanya kazi mwaka mmoja, kisha ikazimika. Yeye hakujua mpaka mteja wa Mbezi Beach alipompigia kumuuliza mbona haifunguki. Kijana aliyemtengenezea, simu yake ilikuwa haipatikani.

"Si nililipa mimi? Risiti ndiyo hiyo."

Alilipa yeye, ni kweli. Lakini jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa jina la yule kijana na kwa barua pepe yake, na nywila zote alikuwa nazo yeye. Sidhani kama kijana alikusudia kuiba. Mafundi wengi huweka majina ya wateja wao wote kwenye akaunti moja, wanaona ni rahisi. Nikamuuliza mama: ungenunua kiwanja Mabwepande, ungekubali hati iandikwe jina la dalali? "Thubutu!" Basi domeini nayo ina hati yake. Hilo hakuna aliyemwambia, na neno lenyewe halikumdokeza chochote. Kwake lilikuwa sauti tu ya kitaalamu iliyoandikwa juu ya bei.

Hapo ndipo istilahi inapogusa mfuko wa mtu.

Kompyuta zinatafutana kwa namba. Zamani, mtandao ulipokuwa na mashine chache, kulikuwa na orodha moja ya majina na namba zake, ikitunzwa kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, na kila aliyehitaji aliinakili. Mashine zilipoongezeka orodha ikaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo tunaoutumia mpaka leo, ambao badala ya kukusanya majina yote mahali pamoja unagawa mamlaka. Walio juu kabisa hawajui lolote kuhusu karakana ya Boko. Wanachojua ni nani anayeitunza .tz. Anayeitunza .tz anajua .co.tz iko wapi, na daftari la .co.tz ndilo linalojua jina la karakana. Kila nukta katika anwani ni mahali ambapo mamlaka yanaweza kukabidhiwa kwa mwingine. Hiyo ndiyo maana ya domeini: eneo ambalo mtu amekabidhiwa haki ya kutoa majina.

Nchi yetu ilikabidhiwa .tz mwaka 1995. Mwaka 2006 kikaanzishwa kituo cha tzNIC kutunza daftari lake, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mwenye biashara haendi moja kwa moja kwenye daftari, anapitia kwa wasajili, yaani kampuni zilizoruhusiwa kuandikisha majina kwa niaba ya wateja. Ukutani mwa karakana kulikuwa na cheti cha BRELA cha usajili wa biashara ndani ya fremu, na mama aliamini cheti hicho kinalinda jina lake mpaka mtandaoni. Hakilindi. Yale ni madaftari mawili tofauti, na kuandikwa kwenye moja hakukuandiki kwenye jingine.

Sasa, kwa Kiswahili tuiiteje domeini? Programu na tafsiri nyingi za leo zinasema kikoa, na anwani yenyewe ni jina la kikoa. Kwa muda mrefu neno hili sikulipenda. Nililiona limeokotwa kabatini na kuvishwa kazi isiyolihusu, na moyoni nilikuwa upande wa milki. Milki ingemshtua mama palepale, angeuliza: milki ya nani? Himaya ni kubwa mno kwa tovuti ya milango, na eneo limeshachoka kwa kazi nyingine.

Lakini milki ina kasoro kubwa: si kweli. Jina la mtandaoni halinunuliwi likawa lako moja kwa moja. Unaandikishwa kwa muda, mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha bila kulipia jina hurudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Risiti ya mama ilisema "imelipwa," naye akaelewa yamekwisha, kama mtu aliyelipia bati.

Nikarudi kwenye kikoa. Ni neno la zamani la pwani: kula kikoa ni watu kuungana kula pamoja kwa zamu, leo chakula kinatoka kwa huyu, kesho kwa yule. Ndani yake kuna ushirika na kuna zamu. Kila mmoja ana siku yake inayojulikana na wenzake, na siku hiyo lazima atoe. Sidai kwamba aliyelichagua aliwaza hivyo. Nasema neno linabeba kile ambacho milki inakificha: una haki katika utaratibu wa wengi, na haki hiyo inadumu kwa kutimiza zamu yako. Tangu hapo nimelikubali, kwa sharti kwamba anayelitumia mbele ya mteja alifungue namna hii. Tukimbadilishia mama domeini kwa kikoa bila maelezo, tumembadilishia kufuli tu, ufunguo bado hana.

Hostingi haina tabu. Upangishaji unaeleweka na kila aliyewahi kulipa kodi ya miezi sita Tegeta: mafaili ya tovuti yanakaa kwenye kompyuta ya mtu, unampa kodi. Ukigombana na mwenye nyumba unahama na vyombo vyako, na jina unaondoka nalo. Ndiyo sababu jina na upangishaji viandikwe mistari miwili yenye bei mbili, visichanganywe kama kwenye ile risiti.

Tulikaa juu ya mbao tukaandika upya makubaliano kwa fundi mwingine. Kikoa kisajiliwe kwa jina la mama na kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe kwenye simu yake. Nywila ya msajili na ya mpangishaji akabidhiwe siku ya malipo ya mwisho, na malipo hayo yasitoke kabla hajaingia mwenyewe mbele ya fundi. Nakala ya mafaili na picha awe nayo. Kuhusu tovuti yenyewe hakuhitaji ushauri wangu, maana anawajua wateja wake: wanataka kuona mlango, kujua ni mbao gani, upana gani, unaanzia bei gani, na namba ya simu inayopigika ukiigusa. Mimi niliongeza moja tu, picha zipunguzwe uzito. Mteja anafungua kwa bando la simu akiwa ndani ya daladala, na picha nzito ikichelewa kufunguka atageukia karakana nyingine.

Bahati ilikuwa upande wetu. Daftarini jina la zamani lilikuwa limekwisha muda na hakuna aliyelichukua, likasajiliwa tena siku ileile. Fundi mpya alipotaja tarehe ambayo zamu ya kulipa itarudi, mama aliinuka akaenda kwenye kalenda iliyotundikwa karibu na msumeno. Tarehe ya kupokea upatu wake ilikuwa imezungushiwa duara jekundu. Kalenda iliishia Desemba, kwa hiyo akageuza karatasi ya mwisho, akaandika nyuma yake kwa penseli ya seremala: "Kikoa. Zamu yangu." Chini yake akaweka tarehe, akaikazia mistari miwili.