Historia katika Sekondari za Tanzania

Somo la Historia hufundishwa katika sekondari za Tanzania kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita. Mihtasari huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Wanafunzi wa tahasusi kama HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hufanya karatasi mbili: ya Afrika, kisha ya dunia, yenye Mapinduzi ya Ufaransa na vita vikuu viwili.

Sura ya somo hili ilibadilika sana baada ya uhuru. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliingia vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905–1907. Mwaka uliofuata wanahistoria Isaria Kimambo na Arnold Temu walitoa kitabu walichokihariri cha historia ya Tanzania, na Mwafrika akawa mtendaji ndani ya historia yake.

Kipindi kizuri huanzia ubaoni. Mwalimu huchora kwa chaki mpaka wa Kenya na Tanzania: mstari unashuka kutoka Ziwa Victoria umenyooka kama rula, ukifika Kilimanjaro unapinda. Wengi darasani wamesikia kwamba mlima ulikuwa zawadi ya malkia wa Uingereza kwa Ujerumani. Hapo ndipo pa kuwaonyesha makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, na kuuliza nani hakuitwa mezani.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Kijana aliyesimuliwa Majimaji na bibi yake kwa Kiswahili hulazimika kuieleza kwa Kiingereza kwenye mtihani, na mengi hupotea njiani. Hata hivyo, somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili.