Kafara ya Mfalme Charles

Januari 30, 1649, London iliamka kwenye baridi kali. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alivaa mashati mawili, asije akatetemeka watu wakadhani anaogopa kufa.

Alisubiri hadi saa nane mchana. Wabunge walikuwa wakipitisha harakaharaka sheria ya kukataza mtu yeyote kutangaza mrithi wa mfalme. Kisha akapitishwa katika ukumbi wa Banqueting House, chini ya dari ambayo yeye mwenyewe alimwagiza mchoraji Rubens aichore, ikimwonyesha baba yake, James, akipaa mbinguni. Nje kulikuwa na gogo na shoka.

Waliotaka kichwa chake hawakuwa wanasiasa tu. Mwishoni mwa Aprili 1648, vita kati ya mfalme na Bunge vikianza upya, maofisa wa jeshi la Bunge walikusanyika Windsor kwa maombi. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kinafundisha kwamba nchi iliyotiwa unajisi kwa damu haitakaswi ila kwa damu ya yule aliyeimwaga. Kwao Charles ndiye mtu huyo. Baada ya hukumu, hati ya kumuua ilitiwa saini na watu 59.

Mfalme naye alikuwa na Biblia yake. Asubuhi hiyo Askofu Juxon alimsomea mateso ya Kristo katika Mathayo 27, somo lililopangiwa siku hiyo, na jukwaani Charles akajiita shahidi wa watu. Shoka liliposhuka, wapo waliochovya leso katika damu yake, na punde zikavuma habari kwamba leso hizo zinaponya wagonjwa.

Kilichowashinda wauaji wake zaidi kilikuwa kitabu. *Eikon Basilike*, kilichotolewa kama tafakuri za mfalme mwenyewe, kilichapishwa Uingereza zaidi ya mara 30 mwaka huohuo. Picha yake ya mbele ilimwonyesha amepiga magoti, ameshika taji la miiba. John Milton alikijibu kwa niaba ya serikali, lakini wasomaji wake walikuwa wachache.

Ufalme uliporudi mwaka 1660, mwana wa marehemu alijua thamani ya kafara hiyo. Januari 30, 1661, maiti ya Oliver Cromwell, mmoja wa waliotia saini hati ile, iliyofukuliwa kaburini ilitundikwa Tyburn. Mwaka 1662 ibada ya mfungo ya Januari 30 ikaingizwa katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Anglikana, na mapadri wakaitumia kuhubiri kwamba kumwasi mfalme ni dhambi. Ibada hiyo iliondolewa mwaka 1859, enzi za Malkia Victoria.