Labaki, Nadine

Mwigizaji na mwongozaji filamu wa Lebanon, aliyezaliwa 1974. Filamu yake ndefu ya kwanza, Caramel (2007), inayohusu wanawake wa saluni moja ya Beirut, ndiyo iliyomfungulia mlango wa tamasha la Cannes, Ufaransa.

Mwaka 2015 aliketi kwenye jopo la majaji wa kitengo cha Un Certain Regard. Filamu yake Capernaum ikatwaa Tuzo ya Majaji 2018, na mwaka uliofuata akarudi, safari hii akiwa mwenyekiti wa jopo lilelile. Tuzo kuu ilikwenda kwa Karim Aïnouz, Mbrazili.

Mwaka 2024 alipanda hadi jopo la shindano kuu, chini ya uenyekiti wa Greta Gerwig. Jopo hilo liliipa Anora ya Sean Baker tuzo ya Palme d'Or.