Kiboko na Intahe: Historia Fupi ya Nidhamu katika Shule za Msingi za Burundi

Kila mwalimu wa madarasa ya chini anaijua methali isemayo "Samaki mkunje angali mbichi." Warundi nao wana yao: "Igiti kigororwa kikiri gito," maana yake mti hunyoshwa ungali mdogo. Methali hizi mbili hutajwa sana walimu wanapozungumza juu ya watoto watundu, na aghalabu anayezitaja huwa ameshika fimbo mkononi. Hata hivyo tukizichunguza tutaona kwamba hakuna hata moja inayotaja kupiga. Moja yasema kukunja, nyingine yasema kunyosha. Basi fimbo iliingiaje kati? Katika makala haya twataka kuifuata historia yake nchini Burundi, hasa upande wa Gitega na Bukirasazi, kwa kuwa historia hiyo yamgusa mwalimu wa Kiswahili kwa namna ya pekee.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili kiboko ni mnyama wa mtoni, na pia ni mjeledi uliokatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Warundi walikuwa na jina lao la mnyama tangu kale, imvubu, nalo halikuondoka. Neno ikiboko walilipokea kwa maana ya mjeledi. Mnyama alibaki mtoni. Mjeledi ndio uliosafiri. Tena haukusafiri peke yake. Maneno igitabu, ikaramu na ishure, yaani kitabu, kalamu na shule, yaliingia katika Kirundi kwa njia hiyo hiyo ya Kiswahili. Kitabu na kiboko vilipanda milimani katika msafara mmoja, wala si ajabu kwamba watu waliviona kuwa mzigo mmoja.

Msafara huo una tarehe zake. Mwaka 1899 Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Mugera, katika eneo la Gitega. Mwaka 1903 Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kufanya mapatano na Wajerumani huko Kiganda, na mwaka 1912 Wajerumani wakahamishia makao ya utawala wao Gitega. Askari na makarani wao walitumia Kiswahili. Katika koloni zima la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani adhabu ya viboko 25 ilizoeleka hata ikapewa jina la Kiswahili, "hamsa ishirini." Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, bendera ilibadilika, lakini mjeledi haukubadilika. Ulitumika barabarani, katika kazi za shuruti na katika mashamba yaliyolimwa kwa amri. Watu wengi walihamia Uganda na Tanganyika, wengine wakitafuta mshahara, wengine wakikimbia mateso hayo.

Elimu ya msingi Wabelgiji waliiacha kwa sehemu kubwa mikononi mwa mamisioni. Humo watoto walifundishwa kwa Kirundi. Kiswahili kilitiliwa shaka, kwani mapadri wengi walikiona kuwa lugha ya Uislamu na ya mjini. Hivyo Kiswahili kilizuiliwa mlangoni mwa shule za milimani, lakini kiboko kiliruhusiwa kuingia. Mtoto aliyekulia mlimani aliweza kumaliza masomo yake bila kujua salamu moja ya Kiswahili, huku akilijua vema neno hilo moja.

Je, kabla ya hapo Warundi walikuwa hawana nidhamu? La hasha. Kila mlima ulikuwa na abashingantahe, wazee waliochaguliwa kwa uadilifu wao ili waamue magomvi na kupatanisha watu. Jina lao latokana na kitenzi gushinga, yaani kusimika, na intahe, yaani fimbo ndogo ya hukumu. Mzee alipotaka kutoa neno zito, aliigonga ardhi kwa fimbo hiyo. Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Intahe ni fimbo, lakini hupiga ardhi, haimpigi mtu. Yatumika ili watu wanyamaze na kusikiliza. Kabla ya hukumu pande zote mbili zilisikilizwa, na baada ya hukumu wagomvi walikunywa pombe pamoja ili jambo liishe.

Hatupendi kuwadanganya wasomaji wetu kwamba zama zile zilikuwa za asali. Watoto walichapwa nyumbani, na katika baraza la wazee sauti ya mwanamke na ya mtoto haikupewa uzito sawa na ya mwanamume. Twasema tu kwamba kanuni ya kusikiliza kabla ya kuhukumu ilikuwapo, tena ilijulikana na kila mtu. Utawala wa kikoloni uliinyang'anya nguvu kwa kuweka mahakama za machifu. Miaka mingi baadaye, Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka taasisi ya abashingantahe irudishiwe heshima yake.

Kati ya uhuru wa mwaka 1962 na mkataba huo, watoto wa Burundi waliona mengi. Mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafukuza maelfu kwa maelfu hadi Tanzania. Vita vilipotulia wengi walirudi, baadhi yao wakipitia Muyinga, uliokuwa wakati huo mkoa uliopakana na Tanzania. Wakati huo huo, mwaka 2005, ada ya shule za msingi ilifutwa, madarasa yakafurika, na shule nyingi zikawa na zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Kiswahili nacho kikaingizwa katika shule za msingi, na mwaka 2007 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha iliyokuwa imezuiliwa mlangoni sasa ilikuwa na kipindi chake katika ratiba.

Katika hali hiyo tulijikuta mwaka 2009 tukifundisha darasa la nne katika shule moja ya mlimani huko Bukirasazi. Mtoto mmoja wa kiume alitushinda kabisa. Kipindi cha Kirundi alipiga miluzi, kipindi cha Kifaransa alilala, na kipindi cha Kiswahili alicheka. Tulimpigisha magoti, hakubadilika. Siku moja alicheka kwa sauti mbele ya darasa lote, nasi tukamchapa. Kesho yake alikuja babu yake, mzee aliyeheshimiwa mlimani kama umushingantahe.

"Mwalimu," alituuliza, "kosa la mtoto huyu ni nini?"

"Mzee, anatucheka."

"Amecheka nini?"

Hatukuwa na jibu, kwani hatukuwahi kuuliza. Mzee akamgeukia mjukuu wake, naye akasema, huku akitazama chini, kwamba mwalimu aliwaambia watoto kuwa wakati wa kura umefika.

Walimu wenzetu wameshaelewa. Kirundi hakitofautisha sauti ya *r* na ya *l* kama Kiswahili kifanyavyo. Tulikusudia kusema "kula," tukasema "kura." Mtoto yule alizaliwa Tanzania na kusoma huko kwa Kiswahili, alijua uchaguzi ni nini na chakula ni nini. Tulimchapa kwa sababu masikio yake yalikuwa bora kuliko ulimi wetu. Miluzi na usingizi wake vilikuwa na asili hiyo hiyo: alikuwa amerudi katika nchi ambayo shule yake ilisema lugha asizozimudu.

Tulimwomba radhi mbele ya babu yake, kisha mbele ya darasa. Tangu hapo yeye ndiye aliyewasomea wenzake hadithi za Kiswahili, nao wakamsaidia Kirundi. Hakugeuka malaika, aligombana mara kadhaa kabla ya mwaka kwisha. Lakini kila alipogombana tulifanya kama wazee: tuliwaketisha wote wawili, kila mmoja akasema bila kukatizwa, wenzao wakapendekeza namna ya kulipa kosa, na mwisho wakapeana mikono. Kwa darasa kubwa jambo hilo lachukua dakika kumi. Twakiri kwamba kuchapa huchukua dakika moja, ila dakika hiyo hurudiwa kila siku.

Pengine mtu atauliza kama nidhamu ya namna hii haiwalegezi watoto. Tumjibu kwa jambo lililotokea Buta, huko Bururi, tarehe 30 Aprili 1997. Watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu kando na Watutsi kando. Vijana wale wa sekondari walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Walezi wao walikuwa wamewazoesha kuzungumza waziwazi juu ya historia chungu ya nchi yao na kuishi kama ndugu. Hatudai kwamba darasa letu dogo lafanana na msiba ule. Twauliza tu: mtoto aliyefunzwa kumtii kila ashikaye fimbo, siku fimbo itakaposhikwa na mwovu atafanya nini?

Kiswahili kiliwahi kufika katika milima hii pamoja na kiboko. Sisi tunaokifundisha leo hatuwezi kuifuta historia hiyo, wala Kirundi hakitalirudisha neno kililolipokea. Lakini twaweza kuchagua maneno yatakayoingia baada ya hilo. Mtoto wa Bukirasazi akituuliza kiboko ni nini, na tumwonyeshe picha ya mnyama.