Flashi Inayoongea: Vile Sauti Ilitoka Kwa Mashine ya Tajiri Ikaingia Mfukoni

Ukiingia saiba, ukalipia dakika zako na kukaa mbele ya kompyuta, kitu cha kwanza unafanya ni kuangalia. Huwazii hata. Macho yanatafuta mshale, mshale unatafuta kivinjari, maisha yanaendelea. Sasa toa macho kwenye hiyo hesabu. Mashine imewaka, intaneti iko, pesa umelipa, lakini kompyuta imenyamaza kama ukuta. Mtu asiyeona anaweza kuwa mkali kwa kibodi kukushinda mara tatu na bado akabaki hapo akingoja mtu amsomee.

Jibu la hiyo shida linaingia kwenye flashi ya kawaida, ile mnabebea muvi. Unaichomeka, unabonyeza vitufe kadhaa, na mashine ya watu inaanza kuongea. Nimeona watu wakiieleza hii kama ujanja tu wa kompyuta. Mimi nasema ni historia, tena yenye pesa nyingi ndani yake, kwa hivyo tuanze nyuma kidogo.

Kisoma skrini ni programu inayotamka kilicho kwenye skrini: herufi unayopiga, menyu uliyofungua, kitufe ulichofikia. Enzi za DOS, kuitengeneza haikuwa kazi ya ajabu sana. Skrini ilikuwa mistari 25 yenye nafasi 80 za herufi kila mmoja, na kila herufi ilikaa mahali pake kwenye kumbukumbu ya mashine. Programu ilienda pale, ikasoma herufi, ikaituma kwa kifaa cha sauti. Pale IBM, Jim Thatcher alitengeneza moja miaka ya 1980 akiwa na mwenzake Jesse Wright, ambaye alikuwa haoni. Marekani hukohuko kulikuwa na jamaa anaitwa Ted Henter, mkimbiaji wa pikipiki wa mashindano aliyepoteza macho kwa ajali ya gari mwaka wa 1978. Akarudi shule, akasomea kompyuta, na 1987 akaanzisha kampuni na Bill Joyce. Programu yao iliitwa JAWS, ikatoka kwanza kwa DOS, kisha toleo la Windows likafika 1995.

Hapo kwa Windows ndipo mambo yalichacha. Windows haikuweka herufi kwenye foleni ya kusomeka, ilikuwa inachora. Neno "Hifadhi" kwenye kitufe ni vidoti vya rangi tu, na kwa kompyuta vidoti havina maana kuliko picha ya ng'ombe. Watengenezaji wa visoma skrini wakalazimika kujipenyeza katikati, pale programu inapotuma amri za kuchora kwa kadi ya skrini, wadake kila amri na kujijengea kumbukumbu ya siri ya nini kimechorwa wapi. Kazi ngumu hiyo, na naiheshimu kabisa. Lakini ilihitaji draiva maalum iwekwe ndani sana kwenye mfumo. Draiva inamaanisha ruhusa ya msimamizi, kuweka programu rasmi, kuzima na kuwasha mashine. Kwa maneno mengine, sauti ilifungwa kwa kompyuta moja. Ukihama kiti, umeiacha.

Na bei? JAWS ilikaa miaka mingi karibu dola 900. Kwa kiwango cha mwaka wa 2006 hiyo ilizidi shilingi 60,000 za Kenya, na bado hujanunua kompyuta yenyewe. Kwa nchi zenye pesa, mara nyingi serikali au mwajiri ndiye alilipa, kwa hivyo bei haikumuuma aliyeitumia. Huku kwetu hakukuwa na huyo mlipaji. Kulikuwa na toleo la kujaribu ambalo lilifanya kazi dakika 40, kisha ulilazimika kuwasha kompyuta upya ndio upate zingine 40. Fikiria unaandika insha ya chuo hivyo. Dakika ya 38 unahifadhi kila kitu mbio mbio, unazima, unawasha, unarudi mahali ulipoachia. Kuna watu walijifunza kompyuta yote kwa vipande vya dakika 40, na hakuna cheti kinachoonyesha hiyo kazi.

Windows yenyewe ilikuja na kisoma skrini chake, Narrator, kuanzia Windows 2000. Tuseme tu ukweli: kwa miaka mingi Narrator ya zamani ilitosha kukusaidia kuweka kisoma skrini kingine, basi.

Sasa ingia Australia, Aprili 2006. Michael Curran, kijana asiyeona, anaanza kuandika kisoma skrini chake mwenyewe kwa lugha ya Python. Rafiki yake James Teh, pia haoni, anajiunga naye. Hawa wawili walijuana tangu utotoni, walikutana kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Programu ikaitwa NVDA, na mwaka wa 2007 wakaunda shirika lisilo la faida, NV Access. Masharti yao yalikuwa rahisi: bure, na msimbo wake wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuurekebisha.

Bure ndiyo kila mtu hukumbuka. Mimi naona uamuzi wa pili ulikuwa mkubwa karibu sawa, ingawa hauongelewi: hawakutumia ile draiva ya kudaka michoro. Tangu 1997 Microsoft ilikuwa imeleta njia ya programu kujitambulisha, yaani kitufe kinaweza kusema "mimi ni kitufe, jina langu Hifadhi, sijabonyezwa." NVDA ikajengwa juu ya hiyo. Badala ya kuchungulia michoro, iliuliza tu. Mwanzoni ilikuwa na mapengo, kwa sababu programu nyingi zilikuwa hazijui kujibu vizuri. Firefox ilijibu vizuri, na Mozilla ikawa kati ya waliotoa pesa mapema kusaidia kazi hii. Lakini ona matokeo yake: bila draiva, hakuna haja ya kuiweka programu ndani ya mashine. Unaweza kuiendesha moja kwa moja kutoka folda yoyote. Na folda yoyote inaweza kuwa kwenye flashi.

Flashi za kwanza ziliuzwa mwaka wa 2000, megabaiti 8. Nane! Leo picha moja ya simu yako inaweza kujaza hiyo nafasi. Ndio maana sauti yenyewe nayo ilibidi iwe ndogo. NVDA ilichagua eSpeak, kazi ya Jonathan Duddington, aliyeianza 1995 kwa kompyuta za Acorn kule Uingereza. Sauti hiyo haitokani na mtu aliyerekodiwa, inakokotolewa kwa hesabu, ndio maana inasikika kama roboti mwenye homa. Wenye macho huicheka. Wanaoitumia hawacheki, kwa sababu ukiiongezea kasi mpaka wewe na mimi tusikie tu mvumo, bado maneno yanabaki wazi kwa sikio lililozoea. Na kwa udogo wake imebeba lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Lafudhi si ya Mombasa, hiyo nakubali. Lakini inasoma "ng'ombe" bila kulazimisha Kizungu, na kuna bidhaa za bei kali ambazo hazikuwahi kujisumbua hata na hilo.

Kuitengeneza ni kazi ya dakika tano. Pakua NVDA kutoka tovuti ya NV Access na uifungue. Inaanza kuongea hapo hapo, hata kabla hujaiweka popote. Kubali masharti, chagua kutengeneza nakala ya kubebeka, ielekeze kwenye flashi, mfano E:\NVDA, ngoja imalize. Mipangilio yako inahifadhiwa kwenye hiyo flashi: kasi ya sauti, lugha, kila kitu. Ukifika kwa mashine nyingine unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika E:\NVDA\nvda.exe, halafu Enter. Kama hujui flashi imepewa herufi gani, jaribu D, E, F kwa zamu, au kwa Windows za sasa washa Narrator kwa Ctrl, Windows na Enter ikusaidie kutafuta, halafu uizime. Ukimaliza, Insert na Q, kisha Enter, ndio uchomoe.

Hapo mwanzo haikuhitaji hata kuandika. Windows ilikuwa inakupa chaguo la kuendesha programu ya flashi ukiichomeka, kwa hivyo sauti iliweza kuanza haraka. Lakini wanaokumbuka saiba za miaka hiyo wanajua nini kilifuata: virusi. Mwishoni mwa 2008 Conficker ilisambaa duniani, flashi zikiwa njia yake mojawapo. Windows 7 ikaja 2009 ikiwa imeondoa huo mlango kwa flashi, na 2011 Microsoft ikaufunga pia kwa XP na Vista. Uamuzi ulikuwa sahihi, silalamiki. Ila aliyepoteza zaidi ni mtu ambaye flashi yake haikuwa na kirusi, ilikuwa na sauti.

Na hapa ndipo nina maneno. Shule ya wasioona ya Thika ipo tangu 1946. Mwaka wa 2009 shirika la inABLE, la Irene Mbari-Kirika, lilianza kupeleka maabara za kompyuta kwa shule kama hizo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi. Sasa mtu huyo amemaliza shule, ana ujuzi, ana flashi yake, anaingia saiba au maktaba au chumba cha mtihani wa kazi. Anaambiwa nini? "Flashi haziruhusiwi." Anayesema hivyo hana roho mbaya, anaogopa virusi. Lakini ameweka sheria moja kwa wote na hajui amemfungia nani nje.

Watu hupenda kuisimulia NVDA kama hadithi ya kutia moyo, eti vijana wawili wasioona, machozi, makofi. Msiwafanyie hivyo. Hawa ni mainjinia walioona bidhaa mbaya kwa bei mbaya, wakajenga nyingine. Utafiti wa WebAIM wa 2019 ulipouliza watumiaji kisoma skrini chao kikuu, NVDA iliipita JAWS kwa mara ya kwanza, kwa pengo lisilofika hata asilimia 1. Hiyo ni biashara ya miongo kufikiwa na kitu cha bure.

Flashi pia ina mipaka, tusidanganyane. Nakala ya kubebeka haiwezi kuongea kwenye skrini ya kuingiza neno la siri la Windows, wala kwenye lile dirisha la Windows linaloomba ruhusa ya msimamizi. Programu inayoendeshwa kwa nguvu za msimamizi, itaikwepa. Kwa hayo, lazima NVDA iwekwe kwenye mashine yenyewe, na hiyo si kazi ya mteja. Ni ya mwenye saiba, ya mkutubi, ya yule jamaa wa kompyuta pale chuoni. Ni faili lile lile, bure, ila unachagua kuiweka badala ya kuibeba. Ikishawekwa hailazimiki kuongea siku nzima ikiwasumbua wengine. Inaweza kupangwa ikae kimya mpaka mtu abonyeze Ctrl, Alt na N.