Ulysse alijulikana kwa miti ya baba yake

Wandugu, sisi wenye kumaliza agronomi tunajua ile maneno ya mtaani: «Ulisoma miaka yote ile ili urudie jembe?» Mimi niliisikia hata nyumbani kwetu. Kwa muda murefu nilikuwa naficha bottes zangu ndani ya mfuko mbele ya kuingia mjini. Njo maana leo nataka tuongee juu ya mfalme mmoja ambaye hakuona udongo haya: Ulysse wa Ithaque, yule Wagriki wanamwita Odysseus.

Ku sekondari tulishika Cyclope na Sirènes. Lakini nusu nzima ya Odyssée, wimbo wa 13 mpaka wa 24, iko juu ya mtu aliyerudi kwake kisha miaka 20: 10 ya vita ya Troie, 10 ya kupotea njiani. Na humo kilimo kinatokea kila mara.

Wimbo wa 17: mbwa wake Argos amelala juu ya lundo la samadi ya nyumbu na ng'ombe. Homère anaeleza sababu samadi iko pale: inangojea watumishi waipeleke kwenye shamba la Ulysse. Mbolea, wandugu, zaidi ya miaka 2.500 iliyopita!

Wimbo wa 18: Ulysse amevaa kama maskini. Eurymaque, mmoja wa wale wanaomtaka Pénélope, anamcheka kwamba kazi ya shamba itamshinda, atapenda kuombaomba tu. Ulysse anajibu: tushindane kukata majani kwa mundu mpaka giza, bila kula, ao tulime na ng'ombe, utaona kama mfereji wangu haunyooki. Vita anaitaja mwisho.

Bibi yake naye anamhakikisha kwa siri ya kitanda: Ulysse alikichonga kwenye mzeituni wenye mizizi yake ardhini. Aristophane wa Byzance na Aristarque, wataalamu wa Alexandrie, walisema shairi linaishia pale, wimbo wa 23. Kigriki chao siwezi kukipima. Lakini kama tunaishia pale, tunakosa Laërte.

Laërte, baba yake, aliacha mji, anaishi shambani. Ulysse anamkuta peke yake anapalilia mti, nguo ya viraka, gants mikononi juu ya miiba. Mzee anaomba alama. Ulysse anaonyesha kovu la nguruwe wa pori, kisha anahesabu miti ambayo baba alimpa alipokuwa mtoto, akimfuata nyuma na kuuliza majina yake: miti 13 ya poire, 10 ya pomme, mitini 40, na mistari 50 ya mizabibu aliyoahidiwa. Magoti ya mzee yanalegea, anamkumbatia.

Kovu, watu wengi wangeweza kulijua. Hesabu ya miti ilikuwa ya baba na mtoto.

Nyuma ya nyumba yetu kuna miavoka baba alipanda. Jina la Kilatini ninalo, Persea americana, na magonjwa yake pia. Lakini iko mingapi, na ni upi alipanda mwaka niliozaliwa? Sijamuuliza hata siku moja. Jumapili naenda kwake, bottes miguuni.

Na wewe, unaweza kuhesabu miti ya mzee wako?